Mbio za Punda: Raha ya Nani, Jasho la Nani?

Mwaka jana, siku chache kabla ya Maulidi ya Lamu, mpwa wangu mwenye umri wa miaka 14 alinijia barazani baada ya Sala ya Alasiri. Akanibusu mkono, akaketi, akanyamaza. Mtoto wa siku hizi akinyamaza mbele ya mtu mzima, jua ana haja.

"Mjomba," akasema mwishowe, "nataka kumpanda punda katika mashindano. Mama amekataa kusema ndiyo, na amekataa kusema la. Ameniambia nikuulize wewe, kwa kuwa ndiwe uliyesoma vitabu."

Msomaji mpenzi, dada yangu ananijua. Alijua kwamba swali hilo si jepesi kwangu, na alijua sababu. Nilimwambia kijana anipe siku mbili. Naye aliondoka akiona mjomba wake amezeeka kabla ya wakati wake, kwani ni jambo gani hili la kupanda punda hata lihitaji mtu kufikiri siku mbili?

Leo nataka niyaandike yale niliyoyafikiri katika siku mbili hizo, kwani naamini wako wazazi wengi wa mwambao wetu, kutoka Vanga hadi Kiunga, ambao huulizwa maswali kama hayo na watoto wao, wakajibu "nenda" au "usiende" bila ya kupima.

RAHA ISIYOKANUSHIKA

Tuanze na ukweli. Mbio za wanyama zina raha, na anayesema hazina raha hajapata kusimama pwani ya Lamu siku ya mashindano. Mji ule ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urathi wa dunia mwaka 2001 una njia nyembamba hata watu wawili wenye matumbo hupishana kwa kuombana radhi. Punda ndiye aliyeujenga. Hakuna jiwe la nyumba, gunia la saruji wala boriti iliyoingia mitaa ya Mkomani au Langoni ila ilipita mgongoni mwa punda. Basi siku ambayo mtumwa huyo wa mji anavuliwa shogi, akaoshwa, akasimamishwa pwani pamoja na wenzake, watu wote hutoka kumtazama.

Wanawake hujaa madirishani na juu ya madari. Watoto hupanda kuta. Wazee waliosema asubuhi kwamba mambo hayo ni ya kitoto, jioni utawaona wamesimama mbele ya watu wote. Vijana huwapanda punda bila tandiko, miguu ikining'inia, na mara mbio zikianza, kwato hulia juu ya mawe kama mvua ya ghafla juu ya mabati. Mmoja huanguka, mwingine punda wake hukata shauri kurudi alikotoka, na wa tatu huchukuliwa moja kwa moja hadi nyumbani kwa mwenye punda, ambako mnyama anajua kuna majani. Watu hucheka hadi machozi.

Kicheko hicho hakina ubaya. Maskini na tajiri hucheka pamoja, na kijana wa mchukuzi, ambaye mwaka mzima haitwi ila kwa kazi, siku hiyo huitwa kwa jina lake. Nani atamnyima hilo?

MBIO ZA MADINA

Tena si jambo la kuzuliwa jana. Sisi tuliosoma vyuoni tulifundishwa kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alishindanisha farasi. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba farasi waliofanyiwa mazoezi ya kupunguzwa mwili walikimbizwa kutoka mahali paitwapo Hafyaa hadi Thaniyyatul Wadaa, masafa ya maili tano au sita. Na wale ambao hawakufanyiwa mazoezi walikimbizwa kutoka hapo Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zurayq, ambayo ni kiasi cha maili moja tu. Sahaba Abdullah bin Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokimbiza.

Naomba msomaji asipite hapo kwa haraka. Mbona masafa yaligawanywa? Kwa sababu farasi asiyezoea hawezi kubebeshwa mwendo wa farasi aliyezoea. Katika mashindano hayo yenyewe, kabla hatujafika kwenye hukumu za vitabu, kuna kipimo: kila mnyama na uwezo wake.

Iko pia habari ya ngamia wa Mtume aliyeitwa Adhbaa, ambaye hakuwa akishindwa. Siku moja akaja bedui juu ya ngamia kijana, akampita. Waislamu wakaona uchungu. Mtume hakukasirika wala hakumpiga mnyama wake. Aliwafahamisha kwamba ni desturi ya Mwenyezi Mungu kutokiinua kitu chochote cha dunia ila hukishusha. Basi aliyefundisha namna ya kushindana alifundisha pia namna ya kushindwa, na hilo la pili ndilo tulilolisahau.

Kuhusu zawadi, wanavyuoni wamepokea kwamba zawadi ya mashindano inafaa katika vitu vitatu: ngamia, mshale na wanyama wa kwato. Je, punda yumo? Sisi watu wa pwani ni wa madhehebu ya Imamu Shafi, na Imamu Nawawi katika kitabu chake cha Minhaj amewataja nyumbu na punda pamoja na farasi kuwa mashindano yao yanajuzu kwa kauli iliyo dhahiri zaidi. Hivyo mtu asije akasema mbio za punda ni bidaa ya vijana wa Lamu.

Lakini zawadi ni jambo moja, na kamari ni jambo jingine. Zawadi ikitolewa na kiongozi, au na mfadhili asiyeshindana, hapana neno. Ama washindani wote wawili wakitoa fedha zao, kwamba atakayeshinda achukue zote, hapo umeingia mlango wa kamari ambayo Kurani imeitaja pamoja na ulevi. Ndiyo maana wanavyuoni walishurutisha aingie mshindani wa tatu asiyetoa kitu, ili mchezo usiwe wa mtu kupata kwa kumnyang'anya mwenziwe.

Niliwahi kwenda Nairobi ujanani mwangu, nikapelekwa na mwandishi mwenzangu katika uwanja wa farasi wa Ngong, ambao umekuwa ukitumika tangu mwaka 1954. Farasi wale wazuri, wallahi! Ngozi zao zinang'ara kama shaba iliyosuguliwa. Nikamwona mzee mmoja karibu nami ameinamia karatasi yake ya namba tangu mbio zilipoanza hadi zilipokwisha, na hata mara moja hakuinua uso kuwatazama. Farasi walipofika mwisho aliichana karatasi, akaenda zake. Nilijiuliza: mtu huyu amekuja kutazama nini? Kamari ilikuwa imemnyima hata ile raha ya macho ambayo angeweza kuipata bure.

MSUMARI WA MWAKA 1981

Sasa nitasema lile ambalo dada yangu analijua.

Mwaka 1981 nilikuwa na umri wa miaka 12. Jioni, maji yakitoka, sisi watoto wa chuo tulikuwa na mashindano yetu wenyewe kwenye mchanga, kutoka upande wa Shela kuja mjini. Hapakuwa na mfadhili wala tarumbeta. Zawadi ilikuwa sinia ya halua tuliyoichangia, na sifa ya wiki nzima.

Mtaani kwetu palikuwa na bibi mmoja mjane aliyekuwa na punda mmoja tu. Tukimwita Zumari, kwa sababu ya sauti yake alfajiri. Zumari alibeba mchanga na mawe kutoka mashuani hadi kwenye majengo, na mapato yake ndiyo yaliyomlisha bibi na wajukuu zake wawili. Bibi aliniamini. Nilimwomba nimpeleke punda kuoga baharini, akaniruhusu.

Sikumpeleka kuoga. Nilimpeleka mashindanoni. Na kwa kuwa nilijua Zumari ni mzee na mwenda pole, nilifunga msumari katika ncha ya ufito wangu kwa uzi wa mshipi, nikauficha kiganjani.

Nilishinda. Niliwapita vijana wenye punda wa miaka minne. Kila nilipomdunga, Zumari aliruka kama aliyeona nyoka, na mimi nilidhani hiyo ndiyo mbio. Nikala halua, nikabebwa mabegani. Usiku nikamrudisha kwa bibi gizani, ili asiuone ubavu wake.

Siku ya tatu nzi walimjaa. Vidonda vilikuwa vimetunga usaha, na Zumari hakuweza kuvaa shogi. Wakati huo hapakuwa na hospitali ya punda Lamu, hiyo ilifunguliwa mwaka 1987 na chama cha Waingereza cha kutunza punda, na hadi leo hutibu bila malipo. Mwaka ule dawa ilikuwa maji ya chumvi na subira. Bibi hakujua nani amefanya. Lakini mwalimu wetu wa chuo aliuona ufito wangu umetupwa nyuma ya chuo, na msumari ungalipo.

Nilingoja bakora. Hakunipiga hata moja. Alinikalisha mbele yake, akanisimulia habari ya ngamia wa mtu mmoja wa Madina. Mtume (s.a.w.) aliingia katika shamba la mtu huyo, ngamia alipomwona akalia, macho yakatiririka machozi. Mtume akampapasa kichwani hadi akatulia, kisha akauliza nani mwenyewe, akamwonya amche Mungu juu ya mnyama aliyemmilikisha, kwani ngamia yule alishitaki kwamba ana njaa na anachoshwa kwa kazi.

Kisha mwalimu akaniuliza, "Je, Zumari akipata wa kumshitakia, atamtaja nani?"

Sikuwa na jibu. Akasema, "Bibi ana mchanga wa kubebwa kesho. Punda wake hawezi. Basi atabeba aliyemfanya asiweze."

Nilibeba mchanga siku 18. Kila siku baada ya chuo, kikapu kichwani, kutoka gatini hadi kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa, huku wenzangu walionibeba mabegani wakinicheka. Siku ya tano shingo haikugeuka. Siku ya kumi nilianza kufahamu kwa nini punda husimama katikati ya njia akakataa kwenda. Watu husema ni ukaidi. Si ukaidi. Ni kwamba mwili umekwisha na mdomo hauna maneno.

Vidonda vya Zumari vilipona. Bibi alinisamehe, na Mungu amrehemu, alikuwa akinipa chai nilipomaliza mzigo wa mwisho. Lakini kwa miaka yote iliyobaki ya uhai wa mnyama yule, kila aliposikia sauti yangu njiani, alijisogeza ukutani. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Zumari hakunipiga teke hata siku moja. Ningependa angenipiga.

KWA WENGINE NAKO

Haya si ya Lamu peke yake. Kisiwani Pemba uko mchezo wa ng'ombe, ambao wengi husema uliachwa na Wareno. Fahali huchezewa na vijana, zumari likilia, na watu wa shamba wamejaa kutazama. Tofauti na ule wa Hispania, fahali wa Pemba hauawi. Mchezo ukiisha hurudi malishoni. Huku kwetu Kenya, upande wa Kakamega, Waisukha na Waidakho hupambanisha fahali wawili kwa ngoma za isukuti, na anayekimbia ndiye aliyeshindwa.

Hapa sisi Waislamu hatuna budi kupambanua. Kukimbiza mnyama ni kumtumia kwa kile alichoumbiwa, kwani farasi asiyekimbia huvunjika moyo. Kuwapambanisha wanyama wao kwa wao ni jambo jingine. Imepokewa kuwa Mtume alikataza kuwachochea wanyama wapigane, na mashekhe wetu wametufundisha kuwa kupiganisha majogoo au kondoo hakujuzu, iwe kwa zawadi au bila ya zawadi. Siwahukumu watu wa bara kwa mila zao, wao wana wazee wao wa kuwahukumu. Nasema la kwetu.

Na tusijidanganye kwamba ubaya uko kwa wengine tu. Katika nchi za Ghuba, kwa Waislamu wenzetu, mbio za ngamia ni urathi mkubwa, na mwaka 2020 UNESCO iliziandika kwa jina la Oman na Falme za Kiarabu. Lakini kwa miaka mingi waliowapanda ngamia hao walikuwa watoto wadogo, wengine hawajafikia umri wa kuanza shule, walioletwa kutoka Pakistani, Bangladeshi, Sudani na Mauritania. Walichaguliwa kwa wepesi wa miili yao, na wako walionyimwa chakula wasinenepe. Walianguka, wakavunjika, na baadhi yao wakafa. Kelele zilipozidi, mwaka 2005 Falme za Kiarabu zilitoa sheria ya kuwakataza wapandaji walio chini ya miaka 18, na kwa makubaliano na UNICEF zaidi ya watoto 1,000 wakarudishwa makwao. Mahali pao pakawekwa mashine ndogo, roboti, inayoongozwa kwa mbali.

Je, mbio zilikufa? Hazikufa. Ngamia wanakimbia hadi leo, na watu wanashangilia vilevile. Hili nataka wale wapendao mchezo walishike sana, kwani kila mara mtu akisema "punguzeni dhuluma," hujibiwa kwamba mchezo utaharibika. Norwei iliwakataza wapanda farasi kutumia mjeledi katika mbio mwaka 1982, na bado wanakimbiza farasi. Huko Uingereza, katika mbio zao mashuhuri za Grand National ambazo farasi wengi wamefia, idadi ya farasi ilipunguzwa mwaka 2024 kutoka 40 hadi 34, na watu bado walijaa. Mchezo ambao hauwezi kuishi bila ya dhuluma haukuwa mchezo tangu mwanzo.

Tena ajabu ni kwamba farasi hao wa mashindano wanaosifiwa duniani wana asili ya kwetu mashariki. Mwaka 1704 Mwingereza Thomas Darley alimsafirisha farasi dume wa Kiarabu kutoka Halab, nchi ya Shamu, akampeleka kwao, na farasi wengi mno wa mbio wa leo wana nasaba naye. Leo Waarabu wa Dubai huwashindanisha wajukuu wa farasi huyo katika mashindano yaliyoanza mwaka 1996, ambayo zawadi yake mwaka 2019 ilikuwa dola milioni 12, na uwanjani hapo hapachezwi kamari. Basi wanaosema kuwa bila kamari hapana mbio, waende wakatazame.

HOJA YA MCHUKUZI

Katika siku zangu mbili za kufikiri nilikwenda kwa mzee mmoja mchukuzi ambaye ana punda saba. Nilitaka nisikie upande wake, kwani sisi wenye kalamu huwa wepesi wa kumhurumia punda na wazito wa kumhurumia mwenye punda.

"Shekhe," akaniambia, "nyinyi huja na kamera zenu siku ya mashindano, mkaandika kwamba punda ameonewa. Mashindano ni dakika ngapi? Njoo siku ya Jumatatu uone punda amebeba mawe tangu alfajiri hadi adhuhuri, mdomo mkavu. Hapo hakuna anayeandika. Halafu ziko pikipiki zinazoingia kila mwaka. Siku punda atakapokuwa hana kazi, unadhani nani atamlisha? Mashindano haya ndiyo yanayowafanya vijana wampende."

Maneno hayo yalinipiga. Ni kweli kwamba punda wa Kenya ana maadui wakubwa kuliko mbio. Nchi hii iliruhusu machinjio ya punda ambao ngozi zao hupelekwa Uchina kutengenezewa dawa. Wezi wakawavamia punda wa maskini usiku. Serikali ikapiga marufuku mwaka 2020, mahakama ikaiondoa marufuku mwaka 2021, na ilibidi tungoje hadi Februari 2024 ndipo Umoja wa Afrika ukakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Mnyama asiyependwa na mtu ndiye ambaye huuzwa ngozi. Ikiwa mbio zinamfanya kijana amjue punda wake kwa jina, basi mbio zina kheri yake.

Lakini nilimjibu mzee kwamba kuwapo dhuluma kubwa siku ya Jumatatu hakuihalalishi ndogo siku ya mashindano. Mtume aliyemwona punda aliyetiwa alama ya moto usoni, akakemea na kumlaani aliyefanya hivyo, hakuuliza kwanza kama punda huyo analishwa vizuri. Mzee akacheka. "Haya, hapo umenishika," akasema. "Ila na mimi nina lako. Kila mwaka hospitali ya punda hutoa zawadi kwa punda aliyetunzwa vyema kuliko wote. Mimi nimewahi kuipata. Hakuna hata gazeti moja lililoniandika."

Nimekuandika leo, mzee wangu, ijapokuwa kwa kuchelewa.

MASHARTI MATANO

Siku ya tatu kijana alirudi. Nikamwambia: ndiyo, lakini kwa masharti, nayo ni matano.

La kwanza, ruhusa ya mwenye punda ipatikane kwa maneno ya wazi, si kwa kisingizio cha kuoga. La pili, punda apelekwe hospitali atazamwe kwato, meno na mgongo, na daktari akisema hafai, basi hafai. La tatu, punda asibebeshwe mzigo siku ya kabla ya mashindano wala siku ya baada yake, na hasara ya siku hizo mbili nitailipa mimi. La nne, pasiwe na shilingi hata moja itakayowekwa dau, si yake wala ya rafiki zake, si mkononi wala kwenye simu. La tano, hatashika ufito, wala kamba, wala kitu chochote. Mkono na sauti vitamtosha.

Akakubali manne ya kwanza mara moja. La tano lilimkwama kooni. "Mjomba, wenzangu wote watakuwa na fimbo. Nitashindwa!"

Hapo ndipo nilipomsimulia habari ya Zumari. Mama yake, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia, hakutia neno. Kijana alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: "Siku 18 zote, mjomba?" Nikamjibu: zote.

Siku ya mashindano nilisimama pwani pamoja na umati. Alianza vyema. Hadi nusu ya njia alikuwa wa pili, akimsemesha punda wake sikioni kama mtu anayemwomba deni. Kisha, mbele ya macho yangu, punda yule akaona maganda ya maembe yaliyomwagwa kando ya njia na muuza matunda. Akasimama. Akainama. Akaanza kula.

Umati ulianguka kwa kicheko. Vijana wakampigia kelele, "Mpige! Mpige!" Mmoja akamrushia fimbo, ikaangukia magotini pake. Nilimwona akiitazama ile fimbo. Uso wake ulikuwa mwekundu na machozi yalikuwa karibu. Nami nilijua kile kilichokuwa moyoni mwake, kwa sababu kilikuwa moyoni mwangu mwaka 1981. Akaisukuma ikaanguka chini. Akaanza kumpapasa punda shingoni, akimbembeleza, na punda alipoyamaliza maganda yake, akaendelea na safari kwa wakati wake mwenyewe. Wakafika wa tisa.

Mtu aliyesimama ubavuni mwangu, asiyenijua, akasema, "Kijana huyu ana nini? Angempa fimbo mbili tu angeshinda."

Sikumjibu. Niliteremka hadi walipokuwa, nikawakuta wote wawili wameingia majini, kijana akimwosha punda mgongo na punda ameegemeza kichwa chake kwenye bega la mpandaji. Nilipomwita mpwa wangu kwa sauti, punda aliinua masikio akanigeukia, akanitazama bila ya woga. Kisha akarudisha kichwa chake begani.

Nawaachia wasomaji beti hizi mbili, na wenye kauli kinyume na yangu wajibu, uwanja wa malenga ni mpana:

Mnyama hana kusema, hata akiadhibiwa,
Hutuhudumia vyema, bila ya kushukuriwa,
Basi tuwe na huruma, asiwe wa kuonewa,
Iko siku atasema, na haki yake kupewa.

Tushindane uwanjani, ni mchezo wa muruwa,
Fimbo na ibaki chini, na kamari kukimbiwa,
Na punda arudi ndani, kama alivyotolewa,
Iko siku atasema, na haki yake kupewa.